Ba Kavugho Babili Mu Mashine

…na sasa ile damu iko wapi, nauliza tu, mu kale kakopo ka plastiki kenye kuenea mu kiganja, njia zake nyembamba kuliko uzi, inaoshwa, inatikiswa, takataka zinabaki nyuma, na alama ya Ebola, kama iko, inatengwa peke yake, kitu chenye hakuna jicho limeona, aka, miaka mine mu hii labo ya kupima damu, Beni na kila siku nataka kupasua kamoja niangalie ndani, Omer, mwenzangu wa kazi, huwa ananicheka, «Rébecca, utatuua bote na curiosité yako ya kutaka kuona kila kitu», mais leo hapana anacheka, mashine inasema bado dakika arobaini, tundu ya kushoto Kavugho wa Mangina, tundu ya kuume Kavugho wa Mangina, bote babili na homa, bote mu centre ya bagonjwa ba Ebola tangu jana, mumoja ni mudogo wangu, mwenye kunisuka nywele kila Jumamosi, mwengine simujui… asubuhi masasi yalilia upande wa Mbau, Omer akachukua damu ya bote babili mbiombio, akaandika ku chupa jina moja tu, yeye ni mutu wa Kasaï, alizani Kavugho ni jina ya mutu mumoja tu! kumbe kwetu Banande ni jina ya zamu ya kuzaliwa, kila nyumba yenye mabinti bengi iko na wake, na mimi miezi sita nakunywa na Omer chai, siku moja sikumuambia, ujinga wangu… «Rébecca, kama moja ni mbaya, tunasema ni nani?» ngoja kwanza, ile ya kushoto damu yake ilikuwa nyeusi kidogo, itakuwa ndiyo mbaya, itakuwa ya ule mwengine, iwe ya ule mwengine, Nyamuhanga, Mungu wetu, iwe yake… weee, nimesema nini? tangu kakopo kaingie niko naomba hivi? na kama ule naye iko na yaya yake, mukubwa wake, amesimama kwa uzio wa centre, anaomba juu ya mudogo wangu maneno hii hii?… naogopa, naogopa sana, mais kale kakopo kanatenga kitu kidogo kuliko vumbi, kutenga Kavugho na Kavugho ni kazi yetu… «Rébecca, tunafanya nini?» «Vaa glovu, Omer, tunachukua upya damu ya bote babili, na uulize jina ya ubatizo, na ya baba»… bado dakika makumi tatu na saba, mashine inanguruma vilevile, wangu alibatizwa Jokébed, na ule mwengine, nataka sana kujua, anaitwa nani.