Malalamiko Jikoni, Pongezi Ofisini

Kila siku saa tisa kasorobo alasiri, mwosha vyombo wa Ukumbi wa Mfalme alikusanya visu vyote vya jikoni, akavifunga ndani ya aproni kuukuu na kuvisukumia chini ya sinki. Kisha alilowesha taulo, akalikunja mara tatu, akampa mpishi aliume. Mpishi aliketi juu ya ndoo ya mafuta iliyopinduliwa, mgongo ukutani, mikono magotini. Saa tisa kamili, ghorofani, meneja alifungua sanduku la kadi za maoni.

Kadi ya kwanza kwa kawaida ilikuwa kofi. Ya pili ngumi ya mbavu. Mkono haukuonekana, ilionekana nyama ya shavu ikibonyea na kurudi, na alama za vidole zikibaki pale, nyekundu. Kila meneja alipogonga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya kadi, mpishi huku chini alipokea. Siku za kawaida kadi zilikuwa thelathini au arobaini. Wakati wa likizo za shule zilipita mia mbili, na mwosha vyombo alilazimika kuongeza barafu.

Mambo haya yalikuwa wazi ndani ya mkataba, kifungu cha kumi na moja: malalamiko ya wageni yatapelekwa jikoni, pongezi zitapelekwa kwa uongozi. Mpishi alikitia saini kama wanavyotia wote, haraka haraka, kabla wenye kazi hawajabadili nia.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ndani ya kasri la plasta, katikati ya bustani ya michezo, baina ya gurudumu kubwa la kupandisha watu angani na farasi wa mbao wanaozunguka. Watu walilala kwenye hoteli ya pembeni, wakacheza mchana kutwa, wakaja kula kwa mfalme. Barabarani, kilomita nne kabla ya geti, palikuwa na bango la kuku wa kuoka mwenye ukubwa wa ng'ombe, anang'aa. Kuku yule alipakwa vanishi ya milango. Mpishi alikuwepo alipopigwa picha, na ndiye aliyeshika brashi. Kuku wa kwenye sahani alikuja na lori, mgumu kama jiwe, vipande kumi na sita mahali pa vinane, na mchuzi wake ulitoka kwenye kopo la unga. Aliyeagiza vipande kumi na sita alikaa ghorofani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawakuwahi kufanya kazi hotelini.

Uzito wa kipigo ulifuata uzito wa matumaini. Mtu aliyeletwa bure na kampuni yake alipiga kikofi cha kufukuza nzi. Maharusi walipiga kwa viwiko, wawili kwa mpigo. Wabaya kuliko wote walikuwa wazazi waliowaahidi watoto mwaka mzima. Mpishi aliyetangulia alivunjika shingo siku shule zilipofungwa, kwa kadi ya baba mmoja ambaye wanawe walingoja miaka minne kuiona keki ya umbo la kasri, wakaletewa kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Uongozi ulituma shada la maua, na Jumatatu ukaajiri huyu wa sasa. Huyu alidumu. Alikwisha kupoteza meno matano, jicho moja lilikuwa halifumbi vizuri, na wenzake walimwita Chuma.

Pongezi nazo hazikukosekana, kwani duniani kuna watu wa kila namna. Hizo zilimpata meneja. Zilimpapasa mabega, zikamkanda shingo, zikampigapiga mgongoni, ndiyo maana alikuwa na ngozi laini na sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Wageni walisema hawajapata kuona meneja mpole kama yule, wakaandika hivyo kwenye kadi.

Chuma hakubaki pale kwa kupenda kupigwa. Aliyetimiza miaka kumi alipewa tiketi ya kulisha jamaa wawili, mara moja, kwa heshima zote, na yeye alikuwa na mama. Mama huyo alipika miaka thelathini na moja katika jiko la shule ya bweni, kwenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Chuma alimpikia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne. Mama alionja, akaweka kijiko, akasema, "Inalika." Tangu siku ile kila alichompikia kililika. Sasa mama alikuwa na miaka sabini na minane na jicho lake moja limeshukiwa na pazia. Chuma alitaka neno jingine kutoka kinywani mwake kabla hajafa mmoja wao, na kwa jinsi kadi zilivyokuwa zikiongezeka, hakuwa na hakika nani angetangulia. Alilitaka neno hilo kwa aibu, kama mtu mzima anavyotaka pipi.

Miaka kumi ilipotimia, mama alikuja Jumamosi ya likizo pamoja na mdogo wake, yaani mama mdogo wa Chuma, mwanamke ambaye hata peponi angeuliza mbona mito ni migumu. Mama mdogo alikuwa ameliona lile bango. Alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba bango la ukubwa ule lazima lina la kuficha.

Siku ile Chuma hakufuata picha ya sahani iliyobandikwa ukutani jikoni. Alikuwa amenunua kuku mzima sokoni, wa kienyeji, akamwingiza jikoni ndani ya gunia la viazi. Alimchemsha polepole kwa vitunguu na tangawizi tangu asubuhi, akakamulia ndimu, na hakufungua kopo.

"Kaka, hiyo harufu itatoka nje," mwosha vyombo alimwambia.

"Itoke."

"Ukumbi umejaa. Watanusa wote."

"Mama yangu macho yanamwacha," alisema Chuma. "Pua bado anayo."

Alizipeleka sahani mwenyewe. Alipopita, vichwa viligeuka meza baada ya meza. Baba mmoja mwenye mtoto mapajani alimwita mhudumu na kuuliza mbona yeye hakuletewa kile. Mhudumu akamjibu kwamba kile hakimo kwenye menyu. Baba yule alitazama kipande chake, kimoja kati ya kumi na sita, akatazama meza ya wale wazee wawili, akaomba penseli. Meza ya pili nayo ikaomba penseli, na ya tatu.

Mama alikula bila haraka. Alimega, akachovya, akavunja mfupa na kuunyonya. Mama mdogo alisema viti ni vya baridi na juisi imezidi sukari, huku sahani yake ikibaki nyeupe kama haijawahi kutumika. Chuma alisimama pembeni, mikono nyuma, moyo ukimwenda mbio kuliko saa tisa yoyote aliyowahi kuiona. Mama alipangusa mchuzi wa mwisho kwa mkate. Hakusema kwamba inalika. Aliuliza kadi iko wapi.

"Kadi ya nini, mama? Si mimi hapa? Niambie."

"Nikikwambia wewe, wakubwa wako watajua?"

"Mama, tafadhali usiandike."

"Nimepika miaka thelathini na moja," mama alisema. "Hakuna aliyeniandikia hata mstari mmoja. Lete kalamu."

Angemwelezaje? Angemwambia kwamba mwanawe hupigwa kila siku, na kwamba jambo zuri likishaandikwa humpata mwingine? Kuna mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake hata akiwa na mvi. Alileta kalamu. Mama aliinamisha jicho zima karibu na karatasi, akaandika kwa muda mrefu maneno machache, na mama mdogo, asipitwe na jambo, akachukua kadi yake pia. Zote mbili ziliingia sandukuni. Sanduku lilikuwa na kufuli.

Saa tisa kasorobo mwosha vyombo alifunga visu, akakunja taulo. Chuma hakukaa kwenye ndoo. Saa tisa ilipogonga alielekea kwenye ngazi za kwenda ofisini, na alipoulizwa anakwenda wapi bila taulo alisema anakwenda kuchukua kitu chake. Aliwaza hivi: nikiwa palepale, kichwa changu kikiwa karibu, mkono wa mama hautapotea njia. Mama gani asiyekijua kichwa alichokizaa?

Ngazi zilikuwa ishirini na nne, zenye kona mbili. Kwenye ya pili sikio lake la kulia lilishikwa likasokotwa mpaka likawaka moto, akajua hiyo ni juu ya viti vya baridi. Kwenye ya tano zilianza zile za meza za jirani. Hazikufanana na za siku nyingine. Watu wale hawakuwa wamekosa kuku wa bango tu, walikuwa wamemwona kuku wa kweli akipita mbele ya pua zao kwenda kwa mwingine, na walipiga kama walioibiwa. Ngumi ya baba mwenye mtoto mapajani ilimpata mdomoni, jino la sita likaanguka na kudunda ngazi tatu kwenda chini. Alipiga magoti. Teke lilimwinua, jingine likamlaza. Alipanda kwa viwiko. Kwenye kona ya kwanza alisikia ubavu wake ukivunjika, kijiti kikavu tu, na baada ya hapo kila pumzi ilikuwa na kisu ndani yake. Mfagiaji aliyekuwa akipiga deki alisogeza ndoo yake ili apite, akamwomba asikanyage upande uliokwisha kukauka. Chuma alisema samahani, damu ikamtoka na neno, akatambaa upande wa maji.

Alipousukuma mlango wa ofisi kwa bega, muhuri ulikuwa umewekwa kando. Meneja alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, macho yamefumba, na nywele zake zilikuwa zikilala zenyewe kutoka kwenye paji kwenda kisogoni, mara moja, halafu tena, zikiacha mifereji minne. Mama wa Chuma alikuwa na vidole vinne mkono wa kulia. Cha tano kilikatwa na shoka la nyama katika jiko la shule. Mkono ule ulimpapasa Chuma mara ya mwisho alipougua surua.

Alizunguka meza, akaingiza kichwa chake kando ya kile cha meneja. Meneja alimpiga kiwiko bila kufumbua macho.

"Hii ni ya uongozi," alisema.

Ndipo Chuma, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kurudisha hata kofi moja, alimkamata meneja kwenye kola, akamng'oa kitini na kumbamiza kichwa kwenye droo ya chuma mara mbili. Droo ilibonyea. Meneja akaanguka chini ya meza, uso umepasuka juu ya nyusi. Chuma aliketi kwenye kile kiti, akainama, akaweka kichwa chake palepale kilipokuwa cha mwenzake, akasubiri. Damu ilidondoka kutoka mdomoni mwake kwenye kadi. Alisubiri sana. Hatimaye alichungulia chini. Mkono ulikuwa umemfuata meneja sakafuni. Ulikuwa ukimfuta damu kwenye nyusi, ukimrudisha nywele nyuma ya sikio, na meneja alikuwa akitabasamu usingizini. Ulimalizia kwa kumpigapiga kisogoni mara mbili, kidogo kidogo, ukaondoka.

Meneja alijinyanyua, akajifuta vumbi. Hakukasirika, kwani aliyetoka kupapaswa namna ile hana nafasi ya hasira. Alimsogezea Chuma kadi aisome. Mama alikuwa ameandika: Aliyepika chakula hiki ananishinda mimi. Mwambieni.

"Haya, umeambiwa," alisema meneja.

Chuma aliisoma mara mbili. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyangoja tangu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuyasikia popote mwilini. Alilia. Meneja alimpa leso ya karatasi, akasema chakula kile kitaingizwa kwenye menyu na mpiga picha ataitwa Jumatatu, kisha akavuta kiti chake na kuchukua muhuri. Kadi zilikuwa zimebaki sitini na mbili. Alimuuliza kama atazipokelea pale au atashuka jikoni. Chuma alishuka.

Mama na mdogo wake walikuwa wakimngoja kwenye benchi karibu na farasi wa mbao. Alikwenda akiwa amenawa, kofia imeshushwa hadi nyusi, anatembea kwa upande mmoja. Mama mdogo aliuliza uso umefanya nini, akajibiwa ni ngazi, naye akasema ngazi za hapa ni mbovu na kwamba angeiandika hiyo pia.

"Wamekwambia?" mama aliuliza.

"Wameniambia, mama."

"Kama nilivyoandika?"

"Kama ulivyoandika."

Mama aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Chuma aliinama, kama mtu aliyeangusha kitu chini, akabaki ameinama zaidi ya inavyohitajika. Mkono haukuja, na hilo lilimuuma kuliko ubavu.

"Basi," mama alisema. "Mimi nikishasema nimesema." Alimfunga kifungo cha kola kilichokuwa wazi, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda.

Chakula hicho sasa kiko kwenye bango, kimepakwa vanishi, na kinaitwa Kuku wa Mama. Kuku ni wa lori, vipande kumi na sita, mchuzi ni wa kopo. Wageni hukiagiza kuliko kitu kingine chochote, na imeonekana kwamba hakuna anayepiga vibaya kama mtu aliyetarajia mama. Uongozi umemwongezea Chuma siku moja ya mapumziko kwa mwezi. Huitumia kulala kwa ubavu wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haulaliki.