Aliye Wazi

Keyshon Mabry alikuwa amesimama peke yake kwenye pembe ya mbali ya uwanja wa mpira wa Kimarekani, mkono mmoja juu. Mabeki wawili waliopewa kazi ya kumlinda walikuwa wameachwa nyuma, wakihema. Rondell Gaines, mrushaji wa timu, alimwona. Alimwona waziwazi, jinsi mtu anavyoziona taa za gari linalomjia usoni. Kisha akageuza mabega na kuurusha mpira upande wa pili, kwa Dewitt mfupi, ambaye aliudaka kwa kuukumbatia kifuani kama mtu aliyemnasa kuku barabarani, akakimbia hatua chache, akaangushwa. Jukwaa zima likasimama kushangilia. Kule pembeni, Keyshon aliushusha mkono taratibu.

"Nilikuwa peke yangu kule," alisema walipokutana kwenye duara la kupangia mchezo.

"Hukuwa wazi," Rondell alimjibu, macho yakiwa chini kwenye nyasi.

Wenzao waliinama wakisubiri maelekezo. Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Wote walikuwa wamekimbia kila mmoja na njia yake, na aliyekuwa amesimama akiutazama uwanja mzima ni mrushaji peke yake. Rondell alihisi kitu chenye joto kikimshuka kifuani, kitamu, kama funda la kwanza la pombe ambayo watu wazima wamemficha mtu kwa miaka.

Enzi za kocha mzee, mpango ulikuwa mmoja, na mji wote wa Tillery uliujua. Rondell alirusha, Keyshon akadaka, na wengine walikimbia ili kutimiza idadi. Kiangazi kile kocha mzee alistaafu, akaja Kocha Sorrell kutoka Texas, mwembamba, asiyecheka, na akaufuta mpango huo siku ya kwanza. Sasa watano wangekimbia kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Mrushaji angetazama mabeki wameelemea wapi, kisha angempa mpira yule aliyeachwa. Mpira hauna mwenyewe, alisema Kocha. Mpira ni wa aliye wazi.

Rondell alimuuliza itakuwaje kama macho yake yatamdanganya.

"Macho yako ndiyo sheria," Kocha alisema. "Mimi nipo pembeni, naona migongo tu. Sitakuuliza."

Kocha aliyasema hayo ili kumtia moyo kijana. Hakujua anayaweka kwenye mikono gani.

Maana kiangazi hichohicho Keyshon alihojiwa na redio ya mji. Mtangazaji alimuuliza mafanikio yake yalitokana kwa kiasi gani na mrushaji wake, na Keyshon, aliyependa kuchekesha, akajibu kwamba hata mama yake, Bi Vernell, angemrushia mpira akiwa amevaa aproni, angedaka tu. Tillery ilicheka kwa wiki nzima. Kwa kinyozi, Rondell hakuweza kukaa kitini bila mtu kumuuliza, "Bi Vernell, Ijumaa hii unarusha au unakaanga?" Alicheka pamoja nao. Alicheka mpaka taya zikamuuma.

Laiti angetajwa mama wa mtu mwingine. Mama yake Rondell mwenyewe alikuwa amehamia Memphis kutafuta kazi, akamwachia babu ambaye mapishi yake yalikuwa kufungua makopo. Aliyemlisha Rondell ni Bi Vernell. Alitoka kiwanda cha samaki mikono ikiwa imekauka kwa barafu, akakaanga kambare na kuoka mkate wa mahindi, akapakua sahani mbili zilizo sawa, moja ya mwanawe na moja ya kijana wa jirani. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Rondell alijiona hana deni la kuwepo. Na hapo hasa ndipo Keyshon alipopafanyia mzaha.

Baada ya Ijumaa ile aliyomrushia Dewitt, mambo yakawa rahisi. Rondell aligundua kwamba kunyima hakuhitaji nguvu yoyote; kunahitaji kutazama kwingine tu. Aliwapa mpira Dewitt, mapacha wa Hollis, na hata kijana mmoja mnene ambaye hakuwahi kuugusa kwenye mechi tangu aanze shule. Timu ilishinda, na ikashinda tena. Wachezaji waliokuwa wakimpita kwenye korido bila salamu walianza kumshikia mlango. Dewitt alimletea njugu za kuchemsha, zikiwa bado na moto, kila Alhamisi. Watu kwa kinyozi walisema timu sasa inacheza kindugu, kila mtu anakula, na jina la Bi Vernell likafa midomoni mwao.

Keyshon naye alikimbia. Alikimbia kila mara kana kwamba mara hiyo ndiyo, akainua mkono, akaushusha. Mwanzoni alilalamika. Baadaye aliuliza kwa sauti ya chini. Mwisho akanyamaza, na ukimya wake ulimpendeza Rondell kuliko malalamiko.

Jumapili moja baada ya ibada, Keyshon alikuja akaketi kwenye ngazi za baraza ya babu yake Rondell, bado amevaa shati la kanisani.

"Kama ni yale maneno ya redioni, kaka," alianza, "nilikuwa natania."

"Maneno gani?"

Ikabidi Keyshon ayarudie. Rondell alimwacha ayaseme yote, neno kwa neno, aproni na yote, huku akimtazama jinsi shingo inavyomlowa jasho.

"Ah, hayo," alisema. "Mimi nilishayasahau."

Keyshon akashusha pumzi. Akasema kuna bwana mmoja wa chuo kikuu anakuja kumtazama kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani. Chuo kikimtaka kitamlipia masomo yote. Mama ameomba ruhusa kazini, ameshanunua koti. Haombi makubwa, aliongeza. Mipira miwili mitatu tu, mtu yule aone.

"Ukiwa wazi utaipata," Rondell alimwambia, akamgonga begani kirafiki.

Na Ijumaa iliyofuata alimpa mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Keyshon alikuja katikati ya uwanja mbio, na Rondell akaurusha mpira kwa kasi, chini, kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo mikono ya binadamu haifiki bila magoti kuvunjika. Keyshon alijitupa. Mpira ukamgonga vidoleni, ukaanguka topeni mbele ya jukwaa lote. Watu wakaguna. Kocha akapaza sauti kutoka pembeni kwamba mtu akiulilia mpira, basi angalau audake. Keyshon aliinuka, tope mdomoni, akamtazama Rondell. Hakukuwa na hasira katika macho yake. Kulikuwa na kuelewa, na Rondell ndiye aliyegeuza uso.

Bwana wa chuo alikuja kweli. Aliketi safu za chini na kahawa yake, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Safu kadhaa juu yake alikaa Bi Vernell ndani ya koti jipya, amejiegemeza mbele, mikono katikati ya magoti. Keyshon alikimbia siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Alikimbia bila kuinua mkono, kana kwamba ameamua miguu pekee imwombee. Rondell alimwona wazi kwenye mstari wa mwisho, akampa Dewitt. Alimwona wazi katikati, akampa pacha. Timu ilishinda kwa kishindo. Dewitt alibebwa juu juu.

Wakati watu wanamiminika uwanjani, yule bwana aliteremka, akampa Rondell mkono, akamsifia jinsi anavyogawa mpira. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na yule mrefu, Mabry? Mimi nilimjia yeye. Mbona humpi?"

Lango lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Sentensi moja ya kweli ingetosha, na Rondell aliihisi ikimpanda kooni, imekamilika, inasubiri pumzi tu. Akatazama jukwaani. Bi Vernell alikuwa amesimama, akiwaangalia.

"Keyshon ni kijana mwema," alisema. "Hakosi mazoezi. Ana bidii sana."

Bwana yule alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Katika kazi yake alishasikia sifa za namna hiyo mara nyingi, na alijua maana yake: bidii husifiwa pale kipaji kinapokosekana. Akashukuru, akatupa kikombe cha kahawa kwenye pipa, akaelekea kwenye gari.

Jumatatu Keyshon alirudisha vifaa vyake vya timu. Jezi ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Hakumshtaki mtu. Wiki ileile alianza kufanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha samaki baada ya masomo, na shuleni alikuwa akipita koridoni akinuka barafu na magamba.

Mechi ya mtoano ilichezwa ugenini. Rondell alipokea mpira, akainua macho, akamtafuta aliye wazi. Hapakuwa na mtu. Dewitt alikuwa amebanwa. Mapacha walikuwa wamebanwa. Kila alikotazama kulikuwa na beki wa ziada, ametulia, kama mgeni aliyefika mapema. Kabla hajaamua, walimkandamiza chini. Ikawa hivyo mpaka jioni ikaisha. Alilala chali mara nyingi akitazama taa, ladha ya damu ulimini.

Kesho yake Kocha alimwita ofisini, akamwonyesha picha za video za mechi walizoshinda. Alisimamisha picha, akaweka kidole kwenye kioo. Mabeki wawili walikuwa wakimfukuza Keyshon. Akasogeza mbele. Wawili tena. Mechi baada ya mechi, kila Dewitt alipodaka, kila jukwaa liliposimama, kule pembeni palikuwa na kijana anakimbia peke yake akiwakokota watu wawili wasiohitajika popote pengine.

"Yeye ndiye aliyekuwa anawafungulia wenzake," Kocha alisema. Kisha akaongeza, bila kugeuka, "Na hapa, na hapa, hata hao wawili walikuwa wameshindwa kumzuia. Uliona?"

Rondell alisema hakuona. Kocha akazima mashine. Hakumuuliza zaidi, kama alivyoahidi.

Jioni hiyo Rondell alivuka ua kuelekea nyumbani kwa akina Mabry. Hakuwa amepanga la kusema. Alipanda ngazi, akavuta mlango wa wavu jinsi alivyouvuta tangu utotoni, na mlango haukuja. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Ikabidi agonge.

Bi Vernell alitokea upande wa pili wa wavu, anajifuta mikono. Aliitikia salamu. Alisema Keyshon yuko kazini, atachelewa. Harufu ya kambare ilikuwa ikitoka jikoni, na mafuta yalikuwa yakichemka. Hakuligusa komeo.

"Siku ile uwanjani," alisema, "yule bwana wa chuo. Niliwaona mnazungumza. Alikuuliza nini, mwanangu?"

Sauti yake ilikuwa ileile aliyomwitia chakula. Alisubiri bila haraka, uso wake umekatwakatwa na nyuzi za wavu, na Rondell alijua angesubiri hata samaki waungue.

"Aliniuliza njia," alisema. "Ya kutokea barabara kuu."

Bi Vernell aliitikia kwa kichwa polepole.

"Na ulimwelekeza vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," alisema Bi Vernell, akarudi jikoni kugeuza samaki.