Dada Mwenye Ndevu

Chiriku aliandika ubaoni, "Dada yangu ni fundi makochi," darasa zima likaangua kicheko. Chiriku hana dada. Ana baba, na huyo baba, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana ndevu za kutosha kujaza mto wa kochi.

"Dada yako ana ndevu! Dada yako ana ndevu!" walimwimbia mpaka getini.

Jina la Chiriku tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu mtoto yule akiamka mdomo nao umeamka. Siku hiyo alirudi kimya. Aliingia chini ya meza ya karakana ya baba yake, akajificha katikati ya mabaki ya sponji na vitambaa, akakataa kutoka hata kwa chakula.

Kesho yake mwalimu mkuu akapiga simu. Ameshaamua, alisema: Chiriku atatoka darasa la pili, atarudi la kwanza kukaa na wadogo, "mpaka achangamke kidogo". Achangamke! Mtoto anayeweza kukusimulia ugomvi wa majirani kwa sauti za wote waliokuwemo, pamoja na mbwa!

Mdogo wangu alipokata simu alikuwa ameshika nyundo, akasahau kuiweka chini. "Dada," aliniambia, "wameanza tena."

Nilijua anasema nini. Kuna watu husahau ili waishi vizuri. Mimi sikujaliwa hilo. Nakumbuka mdogo wangu akiwa mdogo kama Chiriku, amesimamishwa mbele ya darasa, ametundikiwa shingoni kipande cha boksi chenye maandishi. Hakuweza kuyasoma. Wenzake wakamsomea kwa pamoja, kama wimbo: "M-zi-go! Mzigo!" Mimi niliona yote nikiwa dirishani, kwa sababu sikuwa nimeandikishwa, watoto wa kike walikuwa wanangoja zamu ambayo haikufika. Nilirudi nyumbani nikachora zile herufi ardhini kwa kijiti, moja moja. Ndilo neno la kwanza nililojifunza kusoma. Mengine nilijifundisha mwenyewe baadaye, kwenye maboksi ya sabuni na mabango ya barabarani, kwa hasira. Yeye hakurudi tena shule.

Kwa hiyo nilikwenda kugombana, sina haja ya kuficha. Mtaani wananijua. Ni mimi niliyekaa chini mbele ya lori la taka mpaka likageuza na uchafu wake. Nilivaa viatu vya kufunga, ambavyo huvivaa siku za mapambano.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na feni inayogonga na kiti kimoja kibovu cha wageni. Mdogo wangu alikitazama mguu kwa jicho la kazi, akakaa nusu. Chiriku akasimama katikati ya magoti yake. Pembeni, karibu na kabati, alikuwepo mwalimu wa Chiriku, mwanamke kijana aliyehamia muhula ule.

"Mimi simchukii mtoto," mwalimu mkuu alianza. "Lakini hasomi. Akipewa kitabu anaangalia picha, anatunga hadithi yake."

"Na boksi la kumtundikia shingoni mmeshalikata?" nikauliza.

"Mama, boksi gani?"

Hakuwa yule mkuu wa zamani, bila shaka. Lakini nilikuwa nimeweka lile swali kifuani miaka yote, na cheo ni kilekile. Nikamwaga yote, sauti juu, mpaka walimu wa chumba cha pili wakaacha kupiga soga.

Nilipovuta pumzi, yule mwalimu kijana akasema, "Shangazi, hiyo sauti usiipoteze, nitaihitaji. Nipe nafasi kidogo kwanza." Akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Tucheze ule mchezo wetu. Sema bakuli."

"Bakuli."

"Sasa liseme bila ba."

Chiriku akaangalia dari. Midomo ikachezacheza. "Bali," akasema. Na wakati huohuo, kwa sauti nzito iliyotoka nyuma yake, baba yake naye akasema, "Bali."

"Baba! Umeniibia!"

Mdogo wangu akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Si sahihi?"

"Ni kuli," mwalimu alisema taratibu. "Fundi, na wewe shuleni ilikuwa hivi?"

Mdogo wangu akawa anausugua mguu wa kile kiti kwa kidole gumba, kama anatafuta ufa. Nikajibu mimi: "Ilikuwa hivi."

Mwalimu akainuka. Alimweleza mwalimu mkuu, lakini nadhani alikuwa anamweleza mdogo wangu. Kuchanganya b na d peke yake si kitu, alisema, watoto wengi wa umri ule huchanganya. Ila yeye amemsikiliza Chiriku tangu aje: neno alilolisoma juu ya ukurasa, chini halijui tena, vina vinampita, sauti za ndani ya neno hazishiki, ingawa masikio yake yamepimwa na macho pia, na yote mazima. "Hali hii ina jina. Inaitwa disleksia. Si uvivu, si ujinga, na hakuna aliyemroga. Ubongo wake unapata shida kuunganisha herufi na sauti, basi. Mara nyingi hurithiwa katika familia. Yuko mtaalamu atakayempima vizuri, nimeshaongea naye. Lakini msaada hauna haja ya kumsubiri."

"Basi akasaidiwe darasa la kwanza," mwalimu mkuu alisema.

"Huko atafundishwa vilevile alivyoshindwa kuelewa, ila sasa na aibu juu yake. Muulize masomo ya darasa la pili, mwalimu. Kwa mdomo."

Mwalimu mkuu akashusha miwani. Nadhani alitaka kumaliza ubishi. "Haya. Maji yakichemka yanakwenda wapi?"

Ee bwana. Chiriku alifunguka kama bomba. Yanageuka mvuke, mvuke unapanda, ukigusa kifuniko unarudi kuwa maji, ndiyo maana shangazi akifunua sufuria haraka anaungua halafu anatukana, na matusi yenyewe ni...

"Inatosha!" nikasema.

Akaulizwa wanyama, akajibu. Akaulizwa hesabu za kichwa, akajibu huku akimfunga baba yake kifungo cha shati. Feni ikagonga. Mwalimu mkuu akavaa miwani, akaivua tena.

"Huyu," akasema, "akiachiwa ataniuzia ofisi yangu mwenyewe." Halafu akanigeukia. "Abaki darasa la pili. Mwalimu atamchukua pembeni kila siku na wenzake wachache. Mitihani asomewe maswali. Na asiinuliwe kusoma mbele ya watu bila kuandaliwa."

"Na wale wa ndevu?" Chiriku akauliza.

"Nitaongea nao mimi."

Nilikuwa bado na maneno mdomoni, makali, na sikuwa na pa kuyapeleka. Tulipofika nje, mdogo wangu akakaa kwenye ngazi za shule. Nilidhani amezidiwa.

"Kumbe," akasema.

Nikakaa naye.

"Kumbe, dada. Kumbe." Alikuwa anacheka na machozi yanashuka yanaingia kwenye zile ndevu. "Miaka yote najua mimi ni mzigo. Kumbe ina jina!"

Chiriku akamfuta kwa sketi ya shule. "Baba, ukilia hapa wataniimbia tena."

Siku hizi ukiingia karakana utakuta herufi ukutani, alizozikata mdogo wangu kutoka kwenye karatasi ya msasa na kuzigandisha kwenye mbao, mwalimu alivyomwelekeza. Chiriku huzifuata kwa kidole huku akizitamka. Mchezo wa b na d aliutunga yeye mwenyewe: b ni baba, anatembea kuelekea maandishi yanakokwenda, kitambi mbele, d ni dada, kabeba mtoto mgongoni.

Bado anasoma polepole. Bado kuna jioni anakitupa kitabu chini ya meza. Lakini juzi aliniita nimtazame akiandika. Akaanza d, akasita. Akanyoosha mkono, akampapasa baba yake tumbo, kwa makini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akafuta. Akaandika: *Baba yangu ni fundi makochi.*

"Hebu sogea," mdogo wangu akamwambia. Akaweka kidole chake kikubwa juu ya msasa. "Nianze wapi?"

"Juu, baba. Unashuka, halafu kitambi."

Mimi niliwaacha, nikaenda kutafuta viatu vyangu vya kufunga. Yule mwalimu alisema ataihitaji sauti yangu: anataka watoto wote wa darasa la kwanza wachezewe ule mchezo wa bakuli mapema, kabla hawajapachikwa majina. Wakubwa wa elimu wanamwambia asubiri.

Wataniona.