Diski ya Gerishon Muema

Sitaki kuambiwa pole na mtu yeyote. Nataka nisikilizwe tu.

Mume wangu Oloo alikuwa fundi wa kompyuta, mimi pia. Tulikodi kibanda kwenye korido ya jengo moja la barabara ya Luthuli, Nairobi, kaunta ya kioo mbele, meza ya kazi nyuma. Mafundi wa korido ile tuna sheria: laptopu ya mteja haifunguliwi mwenyewe akiwa hayupo. Watu wanajua mjini kuna mafundi wanaobadilisha memori na diski, kwa hiyo mteja hukaa kwenye stuli, macho kwenye bisibisi, mpaka skurubu ya mwisho irudi mahali pake.

Gerishon Muema alikuja kutoka Loresho na laptopu mpya, bado inanukia kartoni. Alitaka Windows itolewe, iwekwe Linux, kwa sababu ndiyo wanayotumia kazini kwao. Akatuachia, akaenda kula.

Linux ikakataa kuingia. Flashi yenye Linux ilisoma vizuri, ukurasa wa kwanza, wa pili, halafu ujumbe ukaja: hakuna diski. Oloo akatengeneza flashi nyingine. Hakuna diski.

"Ingia BIOS kwanza, uone mipangilio ya mashine," nikamwambia. "Labda imefichwa tu."

"Mama Jacklyne, wacha nione wameweka diski gani."

Mikono ya mume wangu haikujua kungoja. Akaipindua laptopu, akatoa mfuniko wa chini. Diski ilikuwepo, nyembamba kama chingamu. Nilipomuuliza kama amesahau sheria, akacheka. Akaisimamisha laptopu bila mfuniko, akaiwasha tena, na ujumbe ukawa ule ule. Ndipo Gerishon akatokea mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Aliona skurubu kwenye kisosi, kisha akasoma skrini.

"Diski yangu iko wapi?"

"Iko, boss. Ona hii hapa." Oloo akaiinamisha amwonyeshe.

"Hiyo ni memori! Unaniona mimi mshamba? Hard disk naijua, ni kubwa hivi." Akaonyesha kiganja chake.

"Boss, hizo zilikuwa za zamani..."

Hakumaliza. Gerishon ni mtu wa miraba minne. Alimkamata shati shingoni, akamvuta juu ya kaunta, kioo kikavunjika chini ya tumbo lake, akamburuta mpaka barazani. Hapo akapiga ukelele mmoja tu: "Mwizi!"

Mtu wa Nairobi haelezwi neno hilo hufanya nini. Korido nzima ilimwagika. Ngumi, mateke, huyu na ubao, yule na jiwe la kuzuilia gari. "Leta tairi!" mmoja akasema, na hakuna aliyeuliza kilichoibiwa. Nilijitupa katikati nikilia kwamba ni mume wangu. Kiwiko kikanivunja jino, nikasukumwa hadi ndani ya kibanda. Nikaelewa kwamba kwao mimi ni mke wa mwizi, na maneno yangu hayana kazi. Ilibidi diski ionekane.

Nikazima, nikawasha, nikibonyeza F2 ili niingie BIOS. Damu ya mdomo ilidondokea vitufe. Nje nikamsikia Oloo akiniita, "Nanyama! Nanyama!" Hakuwahi kuniita jina hilo tangu tupate mtoto. Nikapekua menyu nikakuta diski imewekwa chini ya RST, mpango wa kiwandani ambao Windows inauelewa na ile Linux haikuuona. Nikabadilisha, nikahifadhi, laptopu ikaanza kuwaka upya. Nembo ilizunguka pale kwenye skrini, na nje ubao ulikuwa unatua. Niliitukana ile mashine kwa matusi yote ninayoyajua. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Diski ikajitokeza, nzima, na ukubwa wake umeandikwa.

Nikatoka na laptopu mbio. Gerishon alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Soma! Diski yako hii hapa! Waambie!"

Akasoma. Nilimwona akielewa. Akawatazama wale watu, akanitazama, akanong'ona, "Nikisema nimekosea, watanigeukia mimi."

Basi nikampiga nayo. Nilimpiga usoni kwa laptopu yake mpya, pua ikapasuka. Nikampiga tena, skrini ikameguka, vipande vikamwingia shavuni. Nikampiga mpaka akapiga magoti, na kwa kila pigo nilisema, "Waambie!" Nilitaka kumuua. Sijutii hata kidogo.

"Si mwizi!" akapayuka. "Jamani, si mwizi! Nimekosea!"

Wakaacha, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemgeukia, walikuwa wamechoka. Wakanipisha. Oloo alikuwa amelala kifudifudi kwenye saruji. Nikaweka sikio mgongoni pake, nikangoja. Hakuwa akipumua.

Mwenye ubao alikuwa Were, muuza kava za simu wa kibanda cha pili, ambaye kila mchana tulikula naye sahani moja. Alichuchumaa karibu yangu, akamgeuza Oloo polepole, akamfuta damu usoni kwa shati lake mwenyewe mpaka akamtambua.

"Mama Jacklyne," akaniuliza, "kwani ni Oloo?"