Pedi ya Mkono wa Kushoto

Tk. Tk-tk. Tk.

Mlio ulitoka nyuma ya mgongo wa Fundi, naye ameinamia waya, chuma cha kulehemia kikifuka moshi. Alijua mlio wa kila kitufe alichowahi kukifunga, kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Hivyo vilikuwa vitufe vya kushoto vya pedi ya gemu aliyoimaliza asubuhi hiyo kwa ajili ya mdogo wake. Mdogo wake hakuwa na vidole vya kushoto.

Aligeuka. Kijana alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, pedi mapajani. Mkono wa kulia ulikuwa ukicheza upande wake. Wa kushoto, uliobaki kiganja na gumba tu, ulikuwa umeegemea ubao, na mbele yake vitufe vinne vilikuwa vikizama na kuibuka, tk, tk-tk.

"Springi si ngumu?" Fundi aliuliza.

"Ziko sawa, dada. Ila hiki cha mwisho kinakwama."

Fundi akakilegeza kwa bisibisi, akarudi kwenye waya wake.

Chumba hicho cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Rafuni zilipangwa rimoti zilizopoteza mifuniko ya betri, swichi za feni, pedi zilizong'atwa na watoto walioshindwa mchezo, na kiboksi kizito cha kuendeshea winchi kilichokuwa kikimsubiri mwenyewe. Juu ya mlango Fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KINACHOBONYEZWA KINATENGENEZEKA. Hakuwa mtu wa kujishusha. Waliosema anajisifu aliwajibu kwamba jogoo hawiki kwa ruhusa. Pedi ya mdogo wake aliichonga kutoka kwenye droo ya kabati la nyumbani, vitufe akavitoa kwenye kikokotoo kibovu, na katikati akaweka kitufe chekundu cha kengele ya mlango, cha kusimamishia mchezo.

Vidole vyenyewe vilibaki kiwandani, mtaa wa pili, kwenye mashine inayogonga bati kuwa vifuniko vya sufuria. Walioiunda mashine hiyo waliipa vitufe viwili, kimoja huku na kimoja kule, ili isishuke mpaka mikono yote miwili iwe imevibonyeza, mbali na chuma. Lakini kila asubuhi mfanyakazi alikabidhiwa mlangoni kofia, glovu na kabari. Kabari ilikuwa kipande cha mti cha kukandamizia kitufe cha kushoto kutwa nzima, ili mkono wa kushoto uwe huru kupanga bati na vifuniko viwe vingi. Wakaguzi wakija, kabari zilikusanywa kwenye ndoo. Wakiondoka, ndoo ilirudi. Vidole vinne vilipokatika, mashine ilipanguswa, na Mama akaichukua nafasi ya mwanawe, kwa sababu nafasi haikai wazi, na sufuria ya nyumbani nayo ilihitaji kitu cha kufunikwa.

Wiki ile ile pedi ilipokamilika, kijana akiwa peke yake na kipa kwenye gemu ya mpira, kitufe chekundu kilizama. Mkono wa kulia haukukigusa. Mchezo ukasimama.

"Ulikuwa unafunga," Fundi alisema.

"Kuna mkono umeingia."

"Wapi?"

"Kule kwenye mashine. Una pete."

Jioni Mama alivua viatu, akakaa, akanyoosha miguu. Alisema mashine leo ilisimama hewani juu ya mkono wake wa kushoto, ikakaa pale ikimdondoshea mafuta kwenye pete mpaka alipouondoa.

"Ni wewe?" alimuuliza mwanawe.

"Ni mimi, Mama."

"Ahsante. Umekula?"

Tangu hapo kijana alikuwa na kazi. King'ora cha kiwanda kikilia, alikuwa ameshakaa, shati amelichomekea. Alimsimamishia mashine kila aliyeshika zamu, awe Mama au mwingine. Wafanyakazi walimpungia dirishani wakipita, na mmoja aliyewahi kumwita kilema sasa alimwita mkuu. Naye alitembea kifua mbele, akaitungia mashine ubeti wake, akiuimba huku vitufe vikiitikia:

Mkono waula wewe,
vidole vingali vyangu.

Fundi aliongeza urefu wa waya ufike mpaka chooni, maana mlinzi naye ni binadamu.

Ndipo akaja meneja wa kiwanda. Alikaribishwa kiti na maji. Aliitazama pedi kwa muda.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo," Fundi alisema. "Nimeichonga mimi, nimeilehemu mimi."

Meneja akabonyeza vitufe vya kushoto. Vilikuwa vigumu kama jiwe.

"Havikujui, bosi," kijana alimwambia kwa upole. "Wewe bado unavyo vya kwako."

"Nataka kuinunua."

"Haiuzwi," Fundi alisema. "Lakini nitakufanyia kazi nyingine bure. Toa kabari, nije niviamshe vile vitufe viwili, kila mtu ajilinde kwa mikono yake."

Meneja akamaliza maji yake. "Ya nini tena, binti? Si mnayo hii?" Akawasifu, akasema vijana kama wao ni hazina, akaaga vizuri.

Kesho yake wafanyakazi walikabidhiwa kofia, glovu na kabari mbili, ya kushoto na ya kulia. Mashine sasa ilipanda na kushuka yenyewe bila kumngoja mtu. Ukutani palibandikwa tangazo: MIKONO YENU INALINDWA.

"Wanatupa mbili siku hizi," Mama alisema jioni, akikunja kitambaa chake.

Fundi aliifungua pedi, akasafisha kila mguso kwa spiriti, akabadilisha kila springi, hata zile nzima.

Asubuhi Mama alisimama mlangoni, pete kidoleni. Kijana alikuwa ameshachomekea shati.

"Na ukisinzia?" Mama alimuuliza.

"Mimi nitasinzia, Mama. Vile vinne havisinzii. Viko huko huko, mbele yako."

Mama akamgeukia Fundi. "Na waya ukikatika?"

King'ora kikaanza kulia. Fundi aliweka bisibisi chini, akaushika mkono wa kushoto wa mama yake, akaupapasa kidole kwa kidole, kama mtu anayepokea kazi ya mteja.

"Waya nimeulehemu mimi, Mama," alisema. "Nenda. Vidole unavyotoka navyo ndivyo utakavyorudi navyo."