Valvu za Fundi Moshi

Mtaani walimwita Fundi Moshi, na hawakumwonea. Redio nyingi zilizoingia kwake zikikoroma zilitoka zikifuka moshi. Lakini alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio uliomfanya, akiwa na miaka sabini kasoro, aagize boksi la vipande vya amplifaya ya hedifoni, ile ya kukuza sauti kwa chupa za valvu, ajiungie mwenyewe kwenye meza ya chakula.

Sababu ilikuwa mkewe. Huu ulikuwa mwaka wa tatu masikio yake yakififia, na mwezi uliopita daktari aliwaambia waziwazi kwamba mishipa imekufa, hakuna kifaa cha kuifufua. Wiki hiyohiyo binti yao, aliyekuwa amepata mtoto huko mbali baada ya kungoja miaka tisa, akatuma kwenye simu sauti ya kichanga chake cha miezi mitano. Bibi akakataa kusimuliwa.

"Mjukuu wangu hasimuliwi," alisema. "Nitamsikia mwenyewe."

Fundi Moshi akaona daktari hajui umeme. Kwake sauti ilikuwa kama maji ya bomba: yasipofika juu, ongeza nguvu. Sikio la kufa halisikii dawa, na la kufa hapa lilikuwa la fundi.

Alilehemu siku kumi na moja. Karatasi ya maelekezo aliitandika chini ya kikombe cha chai, maana fundi wa miaka arobaini kazini hafundishwi na karatasi. Kwa kiburi hicho akageuza kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, kichwa chini miguu juu. Alipojaribu kuwasha, ikapasuka kwa kishindo cha kumtoa jirani nje. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anakunja nguo. Hakugeuka. Harufu ilipomfikia ndipo aliposema, "Huo sasa ndio moshi wako, baba. Nilidhani umesahau kazi."

Akacheka peke yake. Mumewe hakuweza.

Akatafuta kapasita nyingine, na safari hii akaisoma karatasi neno kwa neno, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi alasiri kazi ikaisha. Mkewe alikuwa ameoga, amevaa gauni la kutokea, amefumua nywele ili hedifoni zikae sawa. Fundi akamvisha, akachomeka waya wa simu, akazungusha kitasa cha sauti mpaka mwisho. Akawasha. Akabonyeza simu, ile sauti iliyotumwa ianze. Ndani ya zile chupa mbili za valvu kukaanza wekundu hafifu.

Mkewe akafumba macho, akatabasamu.

"Namsikia," akasema kwa sauti ya juu, kama asemavyo mtu asiyejua sauti yake imefika wapi. "Analia. Mpeni ziwa jamani, mtoto ana njaa."

Valvu hazina haraka. Mpaka zipate moto hupita karibu nusu dakika, na kabla ya hapo hazitoi hata mkwaruzo. Fundi alikuwa bado anahesabu. Alikuwa amefika kumi na mbili.

Alipofika thelathini sauti ikatoka, kali hata yeye akaisikia ikivuja pembeni. Haikukwaruza, haikukoroma. Katika maisha yake yote hakuwahi kuunga kitu kikatoka safi namna ile. Na mtoto hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha kumkata mtu pumzi, na nyuma yake binti yao akiuliza, "Mama, unamsikia?"

Fundi akavuta kiti, akakaa. Alielewa kwamba mkewe hakuwa na tumaini lolote na valvu zile tangu mwanzo, na kwamba maneno yale alimwandalia yeye, ili siku zake kumi na moja zisiende bure. Kitasa kilikuwa mwisho. Hapakuwa na kitu kingine cha kuongeza.

Mkewe akafumbua macho, akamtazama midomo. "Eti baba, si analia?"

"Analia," Fundi akajibu polepole, kila neno likionekana. "Ana njaa."

Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akazibana hedifoni kwa viganja vyake viwili, na mtoto akaendelea kucheka.