Chupa ya Baba Mdogo Polikarp

Baba mdogo Polikarp alibonyeza mara ya kwanza, chupa ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, maji yakamrukia mshenga kwenye tai. Mshenga akajipangusa. Baba mdogo akacheka peke yake.

"Msiogope, ni maji ya soda tu. Wazungu ndiyo wanakunywa hivi majumbani kwao."

Wazungu! Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Makambako, kufuata betri ya gari.

Chupa yenyewe aliachiwa na padre mzee wa Kijerumani aliyekuwa akimwendeshea gari, siku padre aliporudi kwao. Ni chupa ya kioo kizito, imevikwa wavu wa waya, juu ina kichwa cha chuma chenye mkono wa kubonyeza na mdomo uliopinda. Unajaza maji ya kawaida, unafunga kichupa kidogo cha gesi, unatikisa, maji yanatoa mapovu. Basi. Hayana sukari, hayana ladha, yanakuwasha ulimi na kukubeulisha. Lakini kwa baba mdogo ile ilikuwa digrii. Mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki hakuna aliyepita mlangoni kwetu asioneshwe. Vichupa vya gesi aliagiza Dar, wakati bati la jiko la mama linavuja.

Sasa ni mwaka wa saba tangu alipomrushia mshenga maji. Siku ile walikuja kuniposa.

Saimon alikuwa mkulima wa mahindi kule Madaba. Nilimpenda, jamani, hadi matuta yote ya barabara ya Njombe, ya kwenda kwake, niliyajua kwa idadi. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mdogo wake, huyu huyu Polikarp. Mama alikuwa ameandaa togwa, nzito, tamu, ya kumkalisha mgeni. Baba mdogo akafunua chungu, akakunja pua.

"Hii ikae hukuhuku jikoni, shemeji. Leo watu watapewa kitu cha maana."

Mama akarudishia kifuniko. Akabaki jikoni na chungu chake.

Mkubwa wa msafara alikuwa Bibi Kunegunda, bibi yake Saimon. Alipewa glasi ya kwanza. Akayatazama yale mapovu yanavyopanda, asiguse. Kwa watu wake, na kwa watu wetu pia, mwenyeji hukionja kinywaji mbele ya macho ya mgeni ndipo humpa, ili mgeni ajue hakuna baya ndani. Hata mtoto anayetambaa anajua. Baba mdogo alijua vizuri kabisa, ila siku hizo alishaona kuonja ni ushamba.

"Kunywa, mama. Kinywaji cha kistaarabu hicho."

Bibi akanigeukia mimi, niliyekuwa nimepiga magoti na sinia mkononi.

"Mjukuu wangu, hebu nionjee."

Alisema kwa upole, karibu kwa kunong'ona. Alikuwa anatafuta namna ya kutuokoa wote. Funda moja tu lingetosha. Saimon, aliyekaa pembeni ya bibi yake, alikuwa ananitazama, anangoja, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Mimi nikaona kitenge cha bibi kilivyopauka, nikaona ndala zake zenye vumbi la Madaba, nikaona haya. Si kwa ajili ya baba mdogo. Kwa ajili ya yule bibi.

"Bibi," nikasema, na kicheko juu, "sisi wa mjini hatuonji."

Baba mdogo akapiga makofi kwa furaha.

Bibi Kunegunda akaiweka glasi chini taratibu. Wakaaga kwa adabu zote, barua ya posa ikarudi kwenye mkoba wa mshenga bila kufunguliwa. Nilimpigia Saimon simu wiki nzima. Mavuno yaliyofuata akaoa mwingine.

Ukoo mzima unajua aliyenivunjia ndoa ni Polikarp na michupa yake, nami sijawahi kumsahihisha mtu. Yeye mwenyewe ameamini. Anachokumbuka ni chupa tu. Nililosema mimi limeshamtoka kichwani. Krismasi iliyopita alisimama mbele ya ndugu wote, mzee mzima, machozi yanamtiririka, akaniomba msamaha.

Nikamwambia nitafikiria.